Wajibu Uliotundikwa Kwenye Faida

Kwa takriban miaka kumi, kila mwaka ulipoanza wakuu wa kampuni kubwa duniani walikuwa wakipokea barua kutoka New York. Mwandishi wake alikuwa Larry Fink, mmoja wa waasisi wa BlackRock, kampuni ya kusimamia uwekezaji iliyoanzishwa mwaka 1988, ambayo mwanzoni mwa 2022 ilikuwa ikitunza mali ya watu wengine yenye thamani ya dola trilioni 10 hivi. Barua ya Januari 2018 ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali na masoko ya hisa. Aliwaambia wakuu hao kwamba faida peke yake haitoshi, kila kampuni ionyeshe jamii inanufaikaje nayo. Januari 2020 akaandika kwamba hatari ya tabianchi ni hatari ya uwekezaji, na kwamba mitaji itahama mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ukizisoma leo moja baada ya nyingine, unakutana na ustadi mkubwa wa kushawishi, na unagundua kwamba ustadi huohuo ndio uliozidhoofisha. Fink aliwashawishi wakubwa wenzake kwamba wajibu unalipa. Jambo linalofanywa kwa sababu linalipa huachwa siku lisipolipa.

Barua ya wazi hufanya kazi kama kanga. Mwanamke wa Pwani akitaka kumfikishia jirani neno lake, haendi kubisha hodi. Hujifunga kanga yenye jina linalosema yaliyo moyoni, akapita. Mlengwa ameelewa, na mtaa mzima umesoma. Barua ya Fink iliandikiwa mtendaji mkuu asiyetajwa jina, lakini ilitangazwa hadharani ili wanasiasa, wanahabari na wenye fedha wanaochagua nani awatunzie waisome pia. Mwandishi anaonekana akiwakumbusha wenzake wajibu wao, nasi tunaosoma kando tunamhesabia wema huo kabla yeye mwenyewe hajatenda lolote. Ushawishi wa kwanza uko hapo, na hakuna sentensi hata moja inayoubeba.

Ushawishi wa pili umejengwa juu ya amana. Fink hachoki kukumbusha kwamba fedha anazosimamia si zake, ni za watu wa kawaida wanaoweka akiba ya uzeeni. Hoja hiyo inamvika cheo cha mdhamini, na mdhamini husikilizwa kuliko mfanyabiashara. Kisha inakuja hatua iliyo nzito kuliko zote: neno la maadili linageuzwa kuwa neno la mahesabu. Uchafuzi wa hewa hauitwi kosa, unaitwa hatari. Mtendaji mkuu ambaye angeyasikia mahubiri akapiga mwayo anashtuka akiambiwa hisa zake zitashuka. Ndiyo maana barua zile zilisomwa katika vyumba vya bodi ambako vipeperushi vya wanaharakati havifiki. Lakini tazama vitenzi. Mitaji inahama, masoko yanatambua, matarajio yanabadilika. Ni nadra kumkuta mtu anayetenda. Wasomaji wetu wanaujua mtindo huu kwa sura yake ya nyumbani, katika matangazo yanayosema hatua zitachukuliwa, au yanayoomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, kana kwamba usumbufu ulijiamkia wenyewe asubuhi ukaingia mtaani.

Mwaka 2020 palikuwa na ahadi moja yenye kipimo, na inastahili kutazamwa kwa karibu. BlackRock ilisema itauza hisa na hati za madeni za kampuni zinazopata zaidi ya asilimia 25 ya mapato yao kutokana na uzalishaji wa makaa ya mawe ya kuzalishia umeme. Asilimia inahesabika, na hilo ni jema. Ila ahadi ilihusu mifuko ambayo wasimamizi wake huchagua wenyewe cha kununua. Fedha nyingi zaidi za BlackRock ziko katika mifuko inayofuata orodha ya soko, ambako kampuni ikiwa kwenye orodha inanunuliwa, iwe safi au chafu. Hakuna uongo hapo. Msomaji wa kawaida aliondoka akidhani kampuni inayaaga makaa ya mawe, ilhali kilichoahidiwa kilikuwa kidogo kuliko hapo.

Kipimo cha kweli cha msimamizi wa hisa kiko kwenye mkutano mkuu wa mwaka, pale anapopiga kura kwa niaba ya wenye fedha. Katika mwaka ulioishia Juni 2021, BlackRock iliunga mkono asilimia 47 ya mapendekezo ya wanahisa kuhusu mazingira na jamii. Mwaka uliofuata ikawa asilimia 22, kisha 7, na mwaka 2024 ikafika 4. Kampuni ina maelezo yake, na haki inataka yasikike: inasema mapendekezo mengi yalikuwa yameandikwa vibaya, mengine yakitaka kuwafundisha wakurugenzi kazi yao, mengine yakidai yaliyokwisha kufanyika. Huenda ni kweli kwa mengi. Hata hivyo kura zilishuka wakati uleule mashambulizi ya kisiasa yalipopamba moto. Agosti 2022 jimbo la Texas liliiweka BlackRock kwenye orodha ya wanaosusia kampuni za mafuta, na Desemba Florida ikatangaza kuiondolea dola bilioni 2. Juni 2023 Fink akasema hatatumia tena kifupisho cha ESG, kinachojumlisha mazingira, jamii na utawala bora, kwa kuwa kimeingizwa siasa. Kama barua za awali zingetamka mapema ni pendekezo la namna gani litaungwa mkono na lipi litakataliwa, leo tungeweza kutenganisha hoja ya ubora na hofu ya kupoteza wateja. Hazikutamka.

Watetezi wake wana hoja nyingine, nayo ina uzito. Mdhamini hana ruhusa ya kuitimiza dhamiri yake kwa fedha za watu. Mchumi Milton Friedman aliandika mwaka 1970 kwamba mkurugenzi anayetumia mali ya wanahisa kwa malengo ya kijamii anawatoza kodi bila kuchaguliwa. Nakubali kwamba mpaka huo upo. Lakini aliyefungwa na mpaka huo angewaambia wasomaji wake waziwazi kuwa atasimamia jambo hili maadamu linaleta faida, na si zaidi. Hapo tungemwelewa. Agosti 2019 watendaji wakuu 181 wa Marekani walitia saini tamko la umoja wao, Business Roundtable, wakiahidi kuwajali wafanyakazi, wateja, wazabuni na jamii pamoja na wanahisa. Wanazuoni wawili wa Harvard, Lucian Bebchuk na Roberto Tallarita, waliziuliza kampuni hizo kama bodi ziliidhinisha. Kati ya 48 zilizojibu, ni moja tu iliyosema ndiyo. Uamuzi wa kugeuza lengo la kampuni usingekwepa meza ya bodi. Saini hizo zilibeba sifa bila kubeba uamuzi.

Wapo wanaosema maneno matupu ni afadhali kuliko kimya, kwa kuwa yanabaki kwenye kumbukumbu. Naafiki, na historia inawapa ushahidi. Mwaka 1943 Robert Wood Johnson aliandika tamko la Johnson & Johnson linalowatanguliza madaktari, wauguzi na wagonjwa, na kuwaweka wanahisa mwisho. Mwaka 1982, watu saba walipokufa katika eneo la Chicago baada ya mtu kutia sumu kwenye vidonge vya Tylenol, kampuni iliondoa madukani chupa milioni 31 hivi. Tamko lile lilikuwa na mpangilio: fulani kwanza, fulani baadaye. Halikuikinga kampuni hiyo na kesi nzito za miaka ya karibuni, lakini lilimpa kila mtu rula ya kuipimia.

Upungufu wa rula unaonekana hadi huku kwetu. Tarehe 1 Februari 2022, wiki mbili hivi baada ya barua ya Fink ya mwaka huo, TotalEnergies na washirika wake walitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza katika mafuta ya Uganda na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga. BlackRock ni miongoni mwa wanahisa wakubwa wa TotalEnergies. Serikali za Uganda na Tanzania zina hoja zao kuhusu maendeleo, na makala haya hayazipingi. Linalonigusa ni kwamba mkulima ambaye shamba lake limepitiwa na bomba hana sentensi hata moja katika barua hizo anayoweza kuishika mkononi na kusema, hili mliniahidi.

Januari 2025 BlackRock ilijitoa katika umoja wa wasimamizi wa fedha walioahidi kufikia uwiano sifuri wa hewa ukaa, umoja iliojiunga nao mwaka 2021. Iliwaeleza wateja kwamba kujitoa huko hakubadili namna inavyosimamia fedha zao. Kama kutoka hakukubadili kitu, wasomaji wa barua zile wana haki ya kujibiwa kuingia kulibadili nini.