Siku Tisa za Mtakatifu Yosefu: Novena ya Watoto wa Shule Katika Kwaresima

Novena ni sala inayosaliwa kwa siku tisa mfululizo kwa nia moja, na jina lake limetokana na neno la Kilatini novem, yaani tisa. Haimo miongoni mwa sakramenti saba za Kanisa Katoliki, wala si sehemu ya liturujia, yaani ibada ya hadhara ambayo maneno na taratibu zake zimewekwa katika vitabu rasmi vya Kanisa. Imo katika kundi la ibada za waamini, pamoja na Rozari na Njia ya Msalaba, na kwa sababu hiyo inaweza kufupishwa, kurefushwa au kupangwa upya kulingana na wale wanaosali. Uhuru huo ndio unaoifanya ifae shuleni, na ndio huohuo unaoiharibu pale mwalimu anapoijaza maneno mpaka watoto wanasinzia wakiwa wamesimama.

Asili yake inatafutwa kwa kawaida katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume, ambamo wafuasi wa Yesu pamoja na Maria mama yake wanadumu katika sala baada ya Kristo kupaa mbinguni, wakimngoja Roho Mtakatifu. Kati ya Kupaa Bwana, siku ya 40 tangu Pasaka, na Pentekoste, siku ya 50, zimo siku tisa kamili. Mwaka 1897 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza novena ya Pentekoste isaliwe katika parokia zote duniani. Warumi wa kale nao walikuwa na siku tisa za maombolezo, na alama ya desturi hiyo ingali hai, kwa maana Papa anapofariki huadhimishwa Misa za siku tisa, kama ilivyofanyika kwa Papa Fransisko kuanzia tarehe 26 Aprili 2025.

Kwaresima ni kipindi cha siku 40 za toba kinachoanza Jumatano ya Majivu na kuwaandaa waamini kwa Pasaka kwa njia tatu za tangu kale, yaani kusali, kufunga na kutoa sadaka. Mara nyingi hufunika mwezi wa Machi, na katika mwezi huo kuna novena mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni Novena ya Neema, ya tarehe 4 hadi 12, inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari aliyetangazwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622. Ya pili, ambayo kwa shule ndiyo yenye manufaa zaidi, ni novena ya Mtakatifu Yosefu inayoanza tarehe 10 na kumalizika tarehe 18, siku moja kabla ya sherehe yake. Katika Tanzania na Kenya siku hizo zimo ndani ya muhula wa kwanza, wanafunzi wakiwa shuleni, na Yosefu mwenyewe si mgeni katika pwani hii: Kanisa Kuu la Dar es Salaam, lililojengwa na wamisionari Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, limewekwa chini ya jina lake, kama lilivyo pia lile la Unguja ambalo wenyeji huliita Minara Miwili.

Anafaa watoto kwa sababu nyingine iliyo ya ndani zaidi. Injili nne haziandiki hata neno moja lililotoka kinywani mwake. Katika Injili ya Mathayo anaota ndoto nne, na baada ya kila ndoto anaamka na kutenda: anamchukua Maria kuwa mkewe, anamkimbiza mtoto Misri usiku, anarudi, kisha anageuza njia kwenda Galilaya. Mtu wa aina hiyo anasimuliwa kwa matendo, na watoto wa darasa la pili au la tatu huelewa matendo mapema kuliko hoja. Kwa hiyo mwalimu wa dini, au katekista, yaani mlei aliyeandaliwa kufundisha imani, anaweza kuigawa habari ya Yosefu katika sehemu tisa fupi, tukio moja kwa siku, kuanzia ndoto ya kwanza hadi miaka ya ukimya ya Nazareti. Sehemu ya safari ya Yerusalemu, Yesu akiwa na umri wa miaka 12, wazazi wanapomtafuta na kumwona baada ya siku tatu, haihitaji ufafanuzi mrefu mbele ya watoto ambao baadhi yao wamewahi kuachana na mkono wa mama katikati ya soko. Nayo safari ya Misri, ambayo ni safari ya kuja Afrika, ina wasikilizaji wake wa pekee katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma au Kakuma huko Turkana, mahali ambapo ukimbizi ndio maisha ya kila siku. Litania ya Mtakatifu Yosefu, yaani mfululizo wa sifa zake ambao baada ya kila moja wanaosali hujibu “utuombee”, iliidhinishwa mwaka 1909, na tarehe 1 Mei 2021 iliongezewa sifa saba mpya. Miongoni mwa hizo zimo zinazomtaja kuwa msimamizi wa walio uhamishoni, wa wenye mateso na wa maskini.

Jambo la kwanza katika kuwaongoza watoto ni kuchagua saa na kutoibadilisha. Shule nyingine husali mstarini asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, nyingine baada ya uji wa saa nne, na za bweni baada ya chakula cha jioni. Saa yoyote inafaa mradi iwe ileile kwa siku zote tisa, kwa kuwa mtoto hushika ibada kwa mwili kabla ya kuishika kwa akili, na kengele inayolia saa ileile humfundisha zaidi ya hotuba. Jambo la pili ni ufupi. Dakika kumi zinatosha: ishara ya msalaba, tukio la siku lililosomwa na mwanafunzi na kufafanuliwa kwa sentensi mbili au tatu, kimya kifupi, nia ya siku, Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe Baba, sala ya Mtakatifu Yosefu, na labda ubeti mmoja wa wimbo. Litania nzima isaliwe mwanzoni na mwishoni. Kuisali kila siku mbele ya watoto 400 wanaopigwa na jua ni kuwafundisha kuichukia.

Kimya hicho kifupi ndicho sehemu inayorukwa mara nyingi, ama kwa sababu mwalimu anaogopa kelele, ama kwa kuwa anadhani watoto hawawezi kunyamaza. Mwongozo wa Misa pamoja na watoto, uliotolewa na Vatikani mwaka 1973, unasema kinyume: katika adhimisho la watoto nako ukimya utunzwe kwa wakati wake, kwa sababu watoto nao wana uwezo wa kutafakari, ingawa wanahitaji kuelekezwa namna ya kufanya hivyo. Kuelekezwa huko ni kitu kidogo. Mwalimu anayewaambia wafumbe macho na kuhesabu pumzi kumi, huku kila mmoja akimfikiria mtu mmoja anayemwombea, amewapa kazi ya kufanya ndani ya kimya. Mwalimu anayesema “tunyamaze” peke yake amewapa nafasi ya kufinyana.

Nia, yaani jambo ambalo sala inaelekezwa kwalo, ndipo ulezi wenyewe unapofanyika. Watoto wakiulizwa wanataka kuombea nini, karatasi zinazotumbukizwa kapuni hujaa mitihani, baiskeli na timu za mpira, na hakuna ubaya katika kuanzia hapo. Tatizo hutokea novena inapofanywa mapatano ya biashara, siku tisa kwa alama A, kiasi kwamba mtoto aliyefeli anahitimisha ama kwamba Mungu hakusikia ama kwamba yeye mwenyewe aliharibu hesabu aliposahau siku ya sita. Mafundisho ya Kanisa hayasemi kwamba idadi ya siku ina nguvu ndani yake. Tisa ni kipimo cha kudumu, na mtoto aliyekosa siku moja kwa sababu ya malaria hajavunja kitu, anaendelea na wenzake pale walipofika. Yanayofanana na hayo ni maandishi yanayosambazwa kwa nakala na kwa simu, yanayoahidi muujiza kwa atakayeyatuma kwa watu tisa na kumtisha atakayekata mnyororo. Hayo ni ushirikina uliovaa rozari, na mwalimu atafanya vyema kuyataja waziwazi darasani, kwa kuwa baadhi ya watoto tayari wameyaona katika simu za wazazi wao.

Njia nzuri ya kuitoa nia nje ya nafsi ya mtoto ni kuifunga na tendo. Shirika la Kipapa la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, na ambalo watoto wa parokia nyingi za Afrika Mashariki ni wanachama wake, limejengwa juu ya wazo la watoto kuwasaidia watoto kwa sala na kwa senti zao wenyewe. Katika novena ya Yosefu, aliyeitwa kwa Kigiriki tekton, neno linalomaanisha fundi wa mbao au wa ujenzi kwa ujumla, tendo linaweza kuwa la mikono. Dawati linalocheza mguu lipo karibu katika kila darasa. Watoto wakubwa, wakiongozwa na seremala wa jirani, wanaweza kuling’oa mguu, kulipiga randa pale mbao ilipovimba, kutia gundi ya mbao, kulikaza kwa misumari na kulirudisha kwa watoto wa darasa la kwanza wanaolikalia; mtoto aliyeshika msumari ili mwenzake apige nyundo amesali sehemu ya novena ambayo hakuna kitabu kingeweza kumpa.

Kuhusu kufunga inafaa kusemwa bila kuzunguka. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 1252, zinaweka wajibu wa kujinyima nyama kwa waliotimiza miaka 14, na ule wa kufunga kwa watu wazima mpaka waingiapo mwaka wa 60; walio chini ya umri huo hawafungwi na sheria hiyo, ila wachungaji na wazazi wanatakiwa kuwalea katika maana ya kweli ya toba. Kwa hiyo hakuna mwalimu mwenye haki ya kumnyima mtoto uji kwa jina la Kwaresima, hasa pale ambapo uji huo ndio chakula chake cha kwanza cha siku. Mwenye hela ya andazi anaweza kuitia kopo la sadaka siku moja kwa hiari yake, na hesabu ya kopo isitangazwe darasa kwa darasa, kwa maana mashindano ya sadaka huwaaibisha maskini na kuwavimbisha kichwa wenye nacho.

Shule za Kikatoliki za Afrika Mashariki hazina watoto Wakatoliki peke yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 7 Desemba 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini, na katiba za Tanzania na Kenya zinalinda uhuru huohuo. Mtoto Mwislamu au wa kanisa jingine apewe mahali pa heshima pa kukaa wakati wa novena, asipewe adhabu wala kazi ya kufagia. Katika miaka ya 2025 na 2026 siku zote tisa za novena hii zilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, kiasi kwamba katika darasa moja mtoto mmoja alikuwa amefunga saumu na mwingine yuko katika Kwaresima. Mwalimu mwenye busara hakuhitaji mfano wa mbali zaidi kueleza maana ya kujinyima kwa ajili ya Mungu.

Kwa kuwa siku tisa haziwezi kupita bila kugusa Jumamosi na Dominika, shule za kutwa hukatikiwa na novena katikati. Dawa yake ni kuipeleka nyumbani: kila mtoto aandike katika daftari tukio la siku hizo mbili na sala fupi, aisali na nyumba yake, na pale familia inapokutana na Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, aombewe nafasi ya kuisoma. Siku ya Jumatatu hakuna haja ya kuuliza nani hakusali.

Tarehe 19 Machi si sikukuu ya kawaida, kwa kuwa kalenda ya Kanisa inaihesabu kuwa sherehe, daraja la juu kuliko sikukuu na kumbukumbu. Zambarau ya Kwaresima huondolewa kwa siku hiyo na padre huvaa nyeupe, wimbo wa Utukufu huimbwa tena, ingawa Aleluya hubaki imenyamazishwa mpaka Pasaka, na tarehe hiyo ikiangukia Dominika ya Kwaresima, kama mwaka 2023, sherehe husogezwa hadi Jumatatu. Watoto waliosali siku tisa huona mabadiliko hayo ya rangi kwa macho yao na kuuliza maswali, na hapo somo la liturujia hujifundisha lenyewe.

Mwaka 2027 novena itaanza Jumatano tarehe 10 Machi na kumalizika Alhamisi tarehe 18, na sherehe itaangukia Ijumaa, siku ambayo kwa kawaida Wakatoliki hujinyima nyama. Lakini kanuni ya 1251 inaondoa wajibu huo Ijumaa inapokutana na sherehe, kwa hiyo mpishi wa shule aarifiwe mapema.