Kiti kitupu ndani ya gari lako



Leo baada ya ibada, kabla hujawasha gari, tazama kidogo uwanja wa kanisa lenu. Utaona gari la viti vitano likitoka na mtu mmoja. Nyuma yake linafuata la viti saba, lina baba na mama peke yao. Nje ya geti, kituoni, amesimama bibi mliyeimba naye tenzi zilezile asubuhi, Biblia kwapani, akisubiri daladala. Anakwenda njia moja na hao wote. Wanampungia mkono, wanapita.

Siandiki haya kumhukumu mwenye gari. Gari ni baraka, na wengi wamelipata kwa jasho la miaka mingi. Nauliza tu: baraka hiyo ina viti vingapi, na vile vinavyobaki ni vya nani?

Fungua nami Matendo ya Mitume sura ya 8, kuanzia mstari wa 26. Mtunza hazina wa malkia wa Kushi anatoka Yerusalemu kuabudu, yumo garini mwake, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo yuko kwa miguu, tena anakimbia. Mara nyingi mahubiri ya kisa hiki hutazama upande wa Filipo, jinsi alivyotii sauti ya Roho. Leo tutazame upande wa mwenye gari. Alikuwa mtu mkubwa serikalini, kwenye barabara ya jangwa, na aliyemkaribia ni mtu asiyemjua, mwenye vumbi la njia. Angeweza kuongeza mwendo. Badala yake alimkaribisha apande, wakakaa pamoja. Kiti kile kikawa darasa la Neno la Mungu, na kabla safari haijaisha mwenye gari akabatizwa. Aliyetoa nafasi ndiye aliyepata zaidi.

Ukiendelea kusoma Maandiko utaliona jambo hili mara nyingi. Msamaria katika Luka 10 hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake mwenyewe. Na Bwana wetu, siku ile ya matawi, aliingia Yerusalemu akiwa juu ya mwana punda wa kuazima, kwa sababu wenyewe walikubali kumtoa.

Labda utasema hayo ni ya zamani, maisha ya mjini ni mengine. Basi twende mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, nchini Marekani, mwaka 1955. Huko pia habari ilianza na kiti. Desemba 1, Rosa Parks, fundi cherehani mweusi, alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa. Kuanzia Desemba 5, watu weusi wa mji ule waliacha kupanda mabasi. Aliyewaongoza ni mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King.

Kususia basi kwa siku moja ni rahisi. Lakini wapishi, wafua nguo na vibarua wangefikaje kazini wiki baada ya wiki? Mwanzoni madereva weusi wa teksi waliwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Wakuu wa mji wakatishia kuwabana kwa sheria iliyotaka teksi itoze angalau senti 45. Ndipo King akampigia simu Mchungaji T. J. Jemison wa Baton Rouge, ambaye watu wake waliendesha mpango wa lifti za bure mwaka 1953, akamwuliza ulivyofanyika. Makanisani watu wakaombwa magari yao, wakayatoa, yakafika takriban 300. Vikapangwa vituo vya kupandia na kushukia, saa za kupita na watu wa kusimamia. Baadaye yakanunuliwa magari mengine, yakaandikishwa kwa majina ya makanisa, na majina hayo yakapakwa ubavuni. Watu wakayaita makanisa yenye magurudumu.

Bima za magari hayo zilifutwa, wakatafuta nyingine hadi London. Novemba 13, 1956 mahakama ya pale ikapiga marufuku mpango huo wa magari. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba ubaguzi ndani ya mabasi ni kinyume cha katiba. Mgomo uliisha baada ya siku 381, na haki ilikuja kwa sababu, pamoja na maombi na kesi mahakamani, kulikuwa na watu waliotembea kwa miguu na watu waliofungua milango ya magari yao kila alfajiri.

Siku hizi dunia inazungumza sana juu ya kutumia gari kwa pamoja. Uswisi, mwaka 1987, vilianzishwa vyama viwili vya ushirika ambavyo wanachama wake walimiliki magari pamoja, kila mmoja akichukua gari kwa zamu anapolihitaji. Mwaka 1997 vikaungana kuwa chama kimoja, Mobility. Hesabu yao ni nyepesi: ukiendesha gari saa moja na nusu kwa siku, saa nyingine 22 na nusu limesimama. Kwetu Dar es Salaam tuna mwendokasi tangu 2016, na tuna programu za simu za kuitia teksi, bajaji na bodaboda. Yote ni mema, na yatazidi kuja. Lakini programu itakuonyesha gari lilipo, haitakuambia kwamba bibi yule wa kituoni ana mguu mbovu, au kwamba mzee wa jumuiya yenu anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki na nauli imemwishia. Anayejua hayo ni wewe unayesali naye.

Tena tuyafanye kwa busara. Gari la binafsi halina leseni ya kubeba abiria kwa nauli, na siku ya ajali bima inaweza kukukana. Kwa hiyo lifti ya kanisa iwe lifti, isiwe biashara. Mchukue unayemfahamu, na ujue anakoshuka.

Na kuna jambo linalosemwa kwa minong'ono: lifti isiwe mtego. Wako mabinti wa kwaya wanaoona heri kusimama kituoni juani kuliko kupanda gari la mtu ambaye kesho atadai malipo ya namna nyingine. Hilo ni dhambi, na kanisa lilikemee waziwazi. Panga watu watatu au wanne pamoja, kina mama waketi na mabinti, na mpango ujulikane kwa wazee wa kanisa. Nawe unayepewa lifti, fika kwa wakati, shukuru, usimgeuze mwenzako dereva wako.

Jambo la kuanzia ni dogo. Waombe viongozi waandike njia tatu au nne ambazo washarika hurudi nazo nyumbani, na wenye nafasi waandike majina yao. Ibada ijayo ya asubuhi, wale wanaodamka saa kumi ili wawahi daladala mbili watapata usingizi wa saa nzima zaidi. Wagonjwa watafika kliniki. Na wewe mwenye gari, uliyezoea kusafiri na redio tu, utasikia habari za jirani yako kutoka kinywani mwake.

Filipo wako huenda yuko kituoni sasa hivi. Punguza mwendo, fungua mlango.

Ee Bwana, uliyekubali kubebwa na mnyama wa kuazima, tufundishe kuona kiti kitupu kilicho kando yetu, na mtu uliyemwandalia. Amina.