Mbona Kitufe cha "Lipa" Kimegoma?
Kwa simu ya rafiki yako ukurasa wa malipo unafunguka sawa, lakini kwako kitufe cha "Lipa" kimeganda. Huenda shida si bando wala salio, ni kivinjari, ile programu unayofungulia intaneti. Shirika la W3C, lililoanzishwa 1994, hutunga kanuni ili vivinjari kama Chrome, Firefox na Safari visome kurasa kwa njia moja. Kivinjari cha zamani hakizijui kanuni mpya. Ndiyo maana sisi watengenezaji wa kurasa hujaribu kazi yetu hata kwenye simu za bei nafuu. Nawe sasisha kivinjari chako. Kitufe kikigoma, usibonyezebonyeze: angalia SMS kwanza, usije ukalipa mara mbili.