Kuchomelea na Kulehemu: Mfano wa Bampa la Alumini

Katika kazi ya kusanifu istilahi, lililo gumu zaidi si kubuni neno kwa kitu kisicho na jina, bali kutenganisha maana mbili zilizozoea kukaa katika neno moja. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mmoja wa karakana, nao ni kutengeneza bampa la alumini lililovunjika.

Mfano huu tuliupata Lulindi, wilayani Masasi, tulipokuwa tukikusanya maneno ya mafundi. Dereva wa gari dogo la mizigo alileta bampa lililopasuka pembeni. Alieleza kwamba fundi wa kwanza alikwisha "kulichomea", lakini halikustahimili hata safari ya pili ya kupanda Newala. Fundi mzee alilichungulia, akasema: "Hili halikuchomewa, limelehemiwa tu." Dereva akauliza: "Mzee, si yale yale?" Akajibiwa: "Siyo yale yale, mwanangu. Ungejua tofauti usingelipa mara mbili."

Yamkini fundi wa kwanza hakudanganya, wala dereva hakuwa mjinga. Wote wawili walitumia neno moja, kila mmoja kwa maana yake. Hapo ndipo istilahi inapogusa mfuko wa mtu, na pengine usalama wake.

Kulehemu ni neno lililotokana na Kiarabu, na maana yake ni kuunganisha vipande vya metali kwa kuyeyusha baina yao metali nyingine iyeyukayo kwa joto dogo zaidi. Vipande vyenyewe haviyeyuki. Hushikwa tu, kama karatasi kwa gundi. Kuchomelea, ambalo ni tendo la kuchoma lililonyambuliwa, tunapendelea litumike pale ambapo kingo za vipande vyenyewe zinayeyuka, zikachanganyika na kuwa kitu kimoja zipoapo. Kwa hiyo kipimo ni kimoja: je, kingo zimeyeyuka? Ikiwa hazikuyeyuka, kazi hiyo ni kulehemu, hata kama moto ulikuwa mkali.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika alumini kuliko katika chuma. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, ilhali chuma cha pua huhitaji nyuzi zipatazo 1,500. Mtu angedhani basi kwamba alumini ni rahisi. Sivyo. Juu ya alumini hujifanya utando mwembamba wa oksidi, ambao hauyeyuki mpaka nyuzi zipite 2,000. Metali ya ndani huweza kuwa maji huku utando ungali mgumu, na ufito wa kujazia ukakaa juu yake bila kushika. Tena, chuma kikiiva huwa chekundu na kumwonya fundi. Alumini haibadiliki rangi kwa namna hiyo, bali hudondoka ghafla na kuacha tundu. Aidha, huchukua joto upesi na kulitawanya katika kipande kizima.

Kwa sababu hizo, kazi ya kuchomelea hufuata utaratibu. Kwanza bampa hufunguliwa kutoka kwenye gari, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu vyombo vya umeme vya gari. Mafuta na rangi huondolewa kabisa. Unyevu na mafuta yakibaki, haidrojeni huingia katika metali iliyoyeyuka na kuacha vishimo. Mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo ili ufa usiendelee. Kingo huchongwa kwa tupa ziwe na umbo la V, kisha husuguliwa kwa brashi ya waya ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haijapata kutumiwa kwa chuma cha kawaida. Mwenye mashine ya sindano ya tungsteni hutumia mkondo geu, kwa kuwa nusu moja ya mkondo huo huvunja utando na nusu ya pili huyeyusha metali, huku gesi ya argoni ikizuia hewa. Mwenye moto wa asetilini na oksijeni hutumia dawa ya kuyeyusha utando, na kazi ikiisha huiosha kwa maji ya moto, kwa sababu mabaki yake hula alumini.

Hata hivyo, kuchomelea nako kuna mpaka. Aloi nyingi za alumini hupoteza sehemu ya nguvu zake kandokando ya mshono kwa sababu ya joto. Pembe au kifuniko cha bampa huweza kuchomelewa. Lakini boriti ya ndani, ambayo kazi yake ni kupokea kishindo cha ajali, yafaa ibadilishwe.

Kutokana na maelezo hayo, twapendekeza maana hizi:

Kuchomelea: kuunganisha metali kwa kuyeyusha kingo zake.

Kulehemu: kuunganisha metali kwa metali nyingine iyeyukayo mapema, bila kuyeyusha kingo.

Kulehemu kwa moto mkali: kulehemu kwa metali iyeyukayo juu ya nyuzi 450.

Ufito wa kujazia: metali inayoyeyushwa katika mshono.

Dawa ya kuchomelea: kemikali inayoondoa utando wa oksidi.

Mshono: mahali vipande vilipoungana.

Hatukuyatoa maneno haya hewani. Mafundi wanayo tayari. Kazi yetu ni kuyapa mipaka, ili mtu aagizapo kazi ajue alichoagiza, na alipapo ajue alicholipia. Wasomaji walio karibu na karakana, hasa huko Masasi na Newala, tunawaomba watuletee maneno mengine yanayotumika kwao, wakieleza kila neno latumika kwa kazi gani.