Ndege ya jeti waliyotaka kuwapa vijana wa rika lako

Una miaka 16. Hujawahi kuendesha hata pikipiki. Halafu serikali inakuambia: wiki chache za kujifunza kuruka na ndege isiyo na injini, kisha tunakupa jeti ya vita, uende ukapambane na Wamarekani angani. Ungekubali?

Usicheke. Huu ulikuwa mpango halisi Ujerumani mwaka wa 1944, na ndege yenyewe iliundwa. Iliitwa Heinkel He 162.

Septemba mwaka huo, utawala wa Hitler ulikuwa umebanwa kila upande. Ndege za Marekani na Uingereza zilikuwa zikimwaga mabomu kwenye viwanda na miji. Mafuta yalikuwa haba, alumini ilikuwa haba, na marubani wazoefu walikuwa wakifa kila kukicha. Wakubwa wakaamua: tutengeneze jeti rahisi, ya mbao na chuma kidogo, injini moja tu, kwa maelfu. Iwe ya bei ya chini kiasi kwamba ikiharibika unaitupa. Na marubani? Tuwachukue vijana wa chama cha Hitler.

Adolf Galland, aliyekuwa mkuu wa marubani wa ndege za kivita, alikataa katakata. Yeye alitaka nguvu zote ziende kwa Me 262, jeti ya injini mbili iliyokuwa tayari vitani. Hakusikizwa.

Sasa sikia kasi ya hawa watu. Kampuni ya Heinkel ilipata kazi hiyo mwishoni mwa Septemba. Tarehe 6 Desemba ndege ikapaa karibu na Vienna, Austria. Chini ya siku 75 tangu kupewa kazi hadi angani! Injini ya BMW ilibebwa mgongoni, juu ya mwili wa ndege, kama mtoto aliyefungwa leso. Kwa sababu hiyo rubani hangeweza kuruka nje kwa parashuti bila kunyonywa na injini, basi wakamwekea kiti cha kumfyatua nje. Wakati huo kitu kama hicho kilikuwa kigeni kabisa.

Shida ilikuwa gundi. Ndiyo, gundi tu. Kiwanda kilichotengeneza gundi nzuri ya kuunganisha mbao za ndege, mjini Wuppertal, kilikuwa kimelipuliwa na Waingereza. Gundi mbadala ilikuwa na asidi iliyokuwa ikiila mbao polepole. Siku ile ya kwanza, kifuniko cha gurudumu la mbele kilibanduka hewani na rubani, Gotthold Peter, akalazimika kutua. Hilo lilikuwa onyo tosha, sivyo? Siku nne baadaye akaruka tena mbele ya maafisa waliokuja kutazama maonyesho. Bawa likaachia. Ndege ikabiringika na Peter akafa papo hapo.

Ungedhani wangesimamisha kila kitu. Wapi! Ratiba ilikuwa ratiba. Majaribio yaliendelea, ila marubani wakaambiwa wasipite kilomita 500 kwa saa, ilhali ndege ilitarajiwa kufika karibu 900.

Na nani alikuwa akiziunda? Hapa ndipo wapenzi wengi wa ndege za kale huruka ukurasa haraka. Huko Hinterbrühl, kusini mwa Vienna, kulikuwa na mgodi wa zamani chini ya ardhi uliogeuzwa kiwanda. Waliofanya kazi humo walikuwa wafungwa wa mfumo wa kambi ya Mauthausen. Jeshi la Kisovieti lilipokaribia mwaka wa 1945, wafungwa waliokuwa wagonjwa sana kutembea waliuawa, na wengine wakaswagwa kwa miguu hadi Mauthausen.

Vitani kwenyewe, He 162 ilipewa kikosi kimoja tu, JG 1, na ikapigana kwa wiki chache kuanzia Aprili 1945. Mafuta yake yalitosha takriban nusu saa. Ukichelewa kidogo, injini inazima, na kutua bila injini kuliwaua marubani. Nyingi zilipotea kwa ajali na hitilafu kuliko kwa risasi za adui. Mwanzoni mwa Mei Waingereza walizikuta zimepangwa foleni katika uwanja wa Leck, kaskazini mwa Ujerumani.

Rubani mashuhuri wa majaribio wa Uingereza, Eric Brown, aliirusha baadaye na kuisifu: nyepesi, yenye kasi, tamu kuendesha. Lakini ilitaka mkono wa mtu anayejua, hasa kwa usukani wa mkiani. Novemba 1945, huko Farnborough, Mwingereza mwingine aliyekuwa akiionyesha kwa umma alikufa mkia ulipokatika.

Huyo alikuwa rubani wa kijeshi aliyehitimu. Wale vijana wa miaka 16 hawakuwahi kupigana nayo. Vita viliisha kabla zamu yao kufika. Chache zilizosalia ziko katika makumbusho, ikiwemo ya Le Bourget karibu na Paris na ile ya Ottawa, Kanada. Ukipita huko, tazama chumba cha rubani kilivyo kidogo.