Testarossa: bei ya kununua si bei ya kumiliki

Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya mwaka 1962 na 1964. Mwaka 2018 moja iliuzwa katika mnada wa Monterey, Marekani, kwa dola milioni 48.4. Testarossa, iliyozinduliwa Paris mwaka 1984, ilitengenezwa zaidi ya magari 7,000. Nembo ni ile ile, uhaba sio.

Hata hivyo Testarossa ndiyo inayofikiwa na mtu mwenye mtaji wa kawaida (kawaida ya Ulaya, lakini), na hapo ndipo gharama hujificha. Mikanda ya taimingi ni ya mpira, na mpira huchakaa hata gari likilala gereji. Kwa hiyo mafundi huibadilisha kwa kuhesabu miaka, si kilomita peke yake. Ili kuifikia, injini nzima ya silinda 12 huteremshwa chini. Mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu, na faida yote huishia kwa fundi.

Anayeliendesha kila siku hulipunguzia thamani kwa kilomita. Anayelifungia hukausha sili na kuharibu petroli tangini. Waliokopa kununua magari haya wakati bei zilipopaa mwaka 1989 waliona soko likianguka muda mfupi baadaye, huku bili za gereji zikiendelea kuja.

Mnunuzi mzoefu huomba faili la risiti kabla ya kutazama rangi. Gari la kilomita chache lisilo na risiti hukatwa bei papo hapo.