Watoto Walioko Mahabusu na Kazi ya Kujitolea



 Ndugu wanafunzi, katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kuna mahali ambapo darasani huwa tunapapita haraka. Vijana wawili waliingia gerezani pamoja naye. Yule aliyetarajiwa kutoka, Yusuf alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Kijana akatoka, akasahau, na Yusuf akabaki ndani miaka kadhaa. Hakuwa na kosa jipya. Alisahauliwa tu.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu mwaka huu baadhi yenu mliuliza kama mwanafunzi wa madrasa anaweza kujitolea kuwasaidia wavulana waliozuiliwa kwa ajili ya kesi. Anaweza. Ila kwanza tufahamu wavulana hao ni nani na wako wapi.

Mahabusu ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake aliyezuiliwa. Hajahukumiwa bado. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, faraghani, wala hapewi adhabu ya kifungo. Asipopata dhamana hupelekwa mahabusu ya watoto, mbali na watu wazima. Akionekana ana hatia anaweza kuachiwa kwa masharti au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Hiyo ndiyo sheria. Utekelezaji ni jambo jingine: taarifa ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa watoto walikutwa ndani ya magereza ya wakubwa.

Nyumba za mahabusu ya watoto ni chache nchini. Zinazojulikana zaidi ni za Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha, Mbeya na Mtwara. Kwa mtoto wa Rufiji iliyo karibu ni ya Dar es Salaam, pale Upanga, na hapo ndipo penye uzito. Kutoka Utete mzazi apande gari hadi Nyamwage, avuke Daraja la Mkapa, apite Ikwiriri na Kibiti mpaka Mbagala, kisha aulize njia. Wa Mbwera, kule kwenye delta, huanza na boti hadi Nyamisati. Na mama anayeamia ndege kwenye mpunga hawezi kushuka dunguni siku mbili. Akishuka, mavuno yamekwenda. Basi haendi. Asipokwenda mzazi, mara nyingi na mdhamini hakuna, na kijana aliyeshikwa kwa kuku au simu anaendelea kukaa ndani kwa sababu hakuna aliyemtaja nyumbani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unampa aliyezuiliwa haki ya kuwasiliana na familia yake kwa barua na kwa kutembelewa.

Kazi ya mwenye kujitolea, basi, si kubwa kama wengine wanavyodhani. Ni kufundisha kusoma na kuandika, kucheza nao mpira, kupeleka sabuni, kuwasomesha Qur'an wale wanaotaka (wamo wa dini zote, na hakuna wa kulazimishwa). Baada ya vita vya Badr, Abu Aziz bin Umayr, ndugu yake Mus'ab, alikuwa mateka mikononi mwa Answari. Alisimulia baadaye kwamba wao walikula tende, yeye wakampa mkate, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwausia wema kwa mateka. Na huyo alikuwa adui aliyekuja na upanga!

Adabu zake ni hizi. Usimwulize kesi yake. Akitaka atasema mwenyewe, na akisema usiitoe nje. Usipige picha. Usiahidi kumtoa, kwani huna uwezo huo. Ukisema utakuja Jumamosi, njoo Jumamosi, hata mvua inyeshe. Ni afadhali usianze kabisa kuliko kwenda mara mbili ukapotea.

Kibali hakitolewi getini. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye kwa Rufiji ofisi yake iko hapa hapa Utete, mkiwa na barua ya madrasa. Wale mtakaokwenda Dar es Salaam kusoma, mkikutana pale na kijana wa kwetu, mwombeni afisa ruhusa ya kujua kitongoji chake, kisha tupigieni simu. Sisi tulio huku tutatembea hadi kwa mama yake.